Maradhi ya mama mja mzito yanavyoweza kudhuru ubongo wa mtoto

VIPELE vichache kifuani, joto la mwili la siku mbili tatu, uchovu kidogo, kisha mambo huisha. Mama hurejea shambani, sokoni au ofisini na kusahau kabisa kwamba aliugua. Miezi kadhaa baadaye hujifungua mtoto asiyesikia, mwenye mtoto wa jicho na kichwa kidogo kuliko kawaida. Hakuna anayekumbuka vile vipele.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa rubela unavyoweza kumjia mja mzito. Kwa mama mwenyewe ni maradhi madogo yasiyomlaza kitandani. Kwa mtoto aliye tumboni, hasa katika wiki za kwanza 12, ni janga ambalo ataishi nalo maisha yake yote.

Katika jamii zetu nyingi, mtoto anapozaliwa na kasoro ya ubongo, lawama humwangukia mama. Huambiwa amerogwa, amevunja mwiko au analipia dhambi za ukoo. Wako wanawake waliofukuzwa na waume zao kwa sababu hiyo, na wako watoto waliofichwa ndani ya nyumba ili majirani wasiwaone.

Ilhali kwa zaidi ya miaka 80 sasa, wanasayansi wamekuwa wakithibitisha kwamba baadhi ya kasoro hizo huletwa na viini vya maradhi vinavyomshambulia mama akiwa na mimba. La kutia moyo ni kwamba mengi ya maradhi hayo yanaweza kuzuiwa au kutibiwa. Sharti ni moja: hatua zichukuliwe mapema, na nyingine hata kabla ya mimba kutungwa.

Ujenzi unaoanza mapema

Ili kuelewa hatari hii, ni vyema kwanza kujua jinsi ubongo unavyojengwa.

Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, utando mwembamba ulio mgongoni mwa kiinitete huanza kujikunja hadi ukawa kama mrija. Kufikia siku ya 28 hivi, mrija huo huwa umefungika. Upande wake wa juu ndio utakaokuwa ubongo, na uliosalia ndio uti wa mgongo. Wakati huo wote, akina mama wengi ndio kwanza wanajiuliza kwa nini hedhi imechelewa.

Baada ya hapo seli za neva huzaliwa kwa wingi wa ajabu. Ubongo wa mtu mzima una seli hizo zipatazo bilioni 86, na nyingi mno kati yazo hutengenezwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Kila seli husafiri kutoka sehemu ya ndani ya ubongo inakozaliwa hadi tabaka inalopaswa kukaa. Katika miezi ya mwisho ya mimba, seli hizo huanza kuunganishwa kwa wingi, na kazi hiyo huendelea kwa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa.

Kwa hivyo, pamoja na kuuliza mama aliugua nini, daktari hutaka pia kujua aliugua lini. Kiini kinachovuruga wiki za kwanza huweza kuharibu msingi wenyewe. Kinachokuja baadaye huweza kuuacha msingi salama, lakini kikadhuru usikivu, macho au uwezo wa mtoto wa kujifunza.

Njia tatu za madhara

Madhara kwa ubongo wa mtoto hupitia njia tatu kuu.

Ya kwanza ni pale kiini chenyewe kinapovuka kondo la nyuma, kile kiungo kinachompa mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama, na kumfikia mtoto. Kondo huzuia viini vingi, lakini si vyote. Virusi vya rubela, Zika na saitomegalo, bakteria wa kaswende na kijidudu cha toksoplasma ni miongoni mwa vile vinavyojua kupenya.

Ya pili ni pale kiini kinapoliharibu kondo lenyewe au kuchochea uchungu kabla ya wakati. Hapa mtoto hadhuriwi na kiini moja kwa moja. Hunyimwa chakula na hewa, au huzaliwa kabla ubongo wake haujakomaa.

Ya tatu ni pale mwili wa mama unapopigana na maradhi. Joto kali na kemikali zinazotolewa na mfumo wa kinga ni silaha za kumlinda mama, lakini zikizidi huweza kutatiza ujenzi unaoendelea ndani ya tumbo. Njia hii ndiyo ambayo wataalamu wangali wanaichunguza zaidi.

Rubela na daktari wa macho

Uhusiano huu ulianza kueleweka mwaka wa 1941. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona kwamba idadi isiyo ya kawaida ya watoto wachanga walikuwa wakiletwa kwake mjini Sydney wakiwa na mtoto wa jicho. Alipowahoji akina mama, aligundua kwamba wengi wao waliugua rubela walipokuwa na mimba changa, wakati wa mkurupuko uliotokea mwaka wa 1940. Gregg alitoa taarifa kuhusu watoto 78, na baadaye ikabainika kwamba wengi wa watoto wa namna hiyo walikuwa pia viziwi.

Mapema wengi walitilia shaka maelezo yake, kwani iliaminika kwamba kondo la nyuma ni ngome isiyopenyeka. Baadaye mkurupuko mwingine uliikumba Marekani kati ya 1964 na 1965. Watu milioni 12.5 waliambukizwa, na watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara ya rubela: uziwi, upofu, maradhi ya moyo na udhaifu wa akili. Chanjo iliidhinishwa nchini humo mwaka wa 1969.

Hapa Kenya, chanjo ya rubela ilianza kutolewa pamoja na ile ya ukambi mwaka wa 2016, katika kampeni iliyowalenga watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Tangu hapo imekuwa miongoni mwa chanjo za kawaida za watoto.

Hata hivyo, msomaji atambue kwamba msichana aliyekuwa na zaidi ya miaka 14 wakati huo hakufikiwa na kampeni hiyo, na wengi wa wasichana hao ndio akina mama wa leo. Baadhi yao waliugua rubela utotoni bila kujua na hivyo wana kinga. Wengine hawana. Mwanamke anayepanga kupata mimba anaweza kumwomba daktari ushauri kuhusu kupimwa na kuchanjwa. Chanjo hii haitolewi kwa aliye tayari na mimba, na aliyechanjwa hushauriwa kungoja angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Kutoka msitu wa Zika

Mfano wa karibuni zaidi una asili yake hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1947, watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano nchini Uganda walipata kirusi kipya katika damu ya tumbili aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kwa miongo mingi kirusi hicho kilionekana kuwa kisicho na madhara makubwa, kwa sababu walioambukizwa walipata homa ndogo tu na wengi hawakuhisi lolote.

Mnamo 2015, madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazil walianza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Uchunguzi ulithibitisha kwamba kirusi cha Zika huvamia zile seli changa zinazozaa seli nyingine za ubongo na kuziua. Seli mama zikifa, ubongo haukui, na fuvu hubaki dogo.

Zika huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na huzaana katika maji yaliyotuama ndani ya mitungi, magurudumu makuukuu na makopo. Ni mbu yuyo huyo anayeeneza dengi na chikungunya, maradhi ambayo wakazi wa Mombasa wanayafahamu vyema. Kumwaga maji yaliyosimama karibu na nyumba ni kinga isiyohitaji fedha.

Maradhi yasiyopiga hodi

Kaswende ni ugonjwa mwingine unaoweza kukaa mwilini mwa mama bila dalili za wazi. Usipotibiwa, huweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa akiwa mfu, au kuzaliwa na madhara ya mifupa, macho, masikio na ubongo. Kipimo chake huhitaji damu kidogo tu, na sindano ya penisilini humtibu mama na kumkinga mtoto. Ndiyo sababu waja wazito hupimwa kaswende pamoja na virusi vya Ukimwi katika ziara ya kwanza ya kliniki. Mumewe naye anapaswa kutibiwa, la sivyo mama ataambukizwa tena kabla hajajifungua.

Kirusi cha saitomegalo hakijulikani sana na umma, ingawa ni mojawapo ya sababu kuu za uziwi wa watoto usiotokana na urithi. Nchini Marekani, karibu mtoto mmoja kati ya kila 200 huzaliwa akiwa nacho, na mmoja kati ya kila watano wa hao hupata madhara ya kudumu. Wapo wanaozaliwa wakionekana wazima kisha wakaanza kupoteza usikivu polepole.

Kirusi hicho humo katika mate na mkojo wa watoto wadogo. Mama mja mzito hana haja ya kumwepuka mwanawe. Anachohitaji ni kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumbadilisha nepi au kumpangusa kamasi, na kutotumia kijiko kimoja naye.

Toksoplasma nayo hutokana na kinyesi cha paka kilichochanganyika na udongo, mboga zisizooshwa vizuri, au nyama isiyoiva. Huweza kumwachia mtoto maji kichwani, makovu ya ubongo na uharibifu wa macho. Wapenzi wa nyama choma wanaonywa hapa: mja mzito asile nyama ambayo bado ina damu ndani. Vilevile asinywe maziwa yasiyochemshwa, kwani huweza kuwa na bakteria aina ya listeria, ambao huvuka kondo na kumletea mtoto homa ya uti wa mgongo.

Malaria inayojificha

Kwa wakazi wa maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, adui aliye karibu zaidi ni malaria. Vimelea vya ugonjwa huu vina hila ya kujibanza ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza kuhisi yu mzima, na hata damu inayotolewa kidoleni ikakosa kuonyesha vimelea, ilhali kondo limejaa. Waliobeba mimba ya kwanza ndio walio katika hatari zaidi, kwa kuwa miili yao haijajifunza kupambana na vimelea vya aina hiyo.

Kondo lililovamiwa hivyo hushindwa kupitisha chakula na hewa ipasavyo. Matokeo yake ni mama kupungukiwa damu na mtoto kuzaliwa mapema au akiwa na uzani wa chini ya kilo 2.5. Watoto wa namna hiyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakiwa wachanga, na wanaopona huweza kuchelewa kuketi, kuzungumza na kujifunza.

Katika maeneo yenye malaria nyingi, waja wazito hupewa vidonge vya SP kuanzia miezi mitatu ya mimba inapokamilika, kisha katika ziara zinazofuata, kila dozi ikitenganishwa na nyingine kwa angalau mwezi mmoja. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Anayetumia septrin kila siku amweleze mhudumu, kwa sababu dawa hizo mbili hazichanganywi. Chandarua kilichotiwa dawa nacho ni cha kulalia kila usiku. Si cha kufugia vifaranga wala kuzungushia miche ya mboga.

Maambukizi ya njia ya mkojo pia yasidharauliwe. Yakiachwa, huweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtoto aliyezaliwa wiki nyingi kabla ya siku zake ana mishipa dhaifu ya ubongo inayoweza kuvuja damu, na hiyo ni mojawapo ya njia zinazoleta mtindio wa ubongo.

Yanayojadiliwa na wataalamu

Je, homa ya kawaida au mafua yanaweza kuathiri akili ya mtoto atakapokuwa mtu mzima? Hapa yafaa kutenganisha yaliyothibitishwa na yanayoshukiwa.

Mnamo 1988, watafiti walitangaza kwamba watu wa Helsinki, Finland, ambao mama zao walikuwa katika miezi ya kati ya mimba wakati wa mkurupuko wa mafua wa 1957, walipatikana na ugonjwa wa akili wa skizofrenia zaidi ya wenzao. Tafiti nyingine zilizofuata ziliafikiana na matokeo hayo, nyingine zikayakana. Katika maabara, panya ambao kinga yao ilichochewa wakiwa na mimba walizaa wana wenye tabia zisizo za kawaida, hata pale ambapo hakukuwa na kirusi chochote. Hiyo ilikuwa ishara kwamba kemikali za kinga ya mama zinaweza kuwa na mchango.

Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu watoto karibu milioni 1.8 ulionyesha kwamba wale ambao mama zao walilazwa hospitalini kwa maambukizi wakiwa na mimba walipatikana na usonji na mfadhaiko zaidi ya wengine. Lakini mwaka wa 2022, utafiti mwingine wa nchi hiyo ulilinganisha ndugu wa tumbo moja, na pia kuangalia akina mama walioambukizwa mwaka mmoja kabla ya mimba. Ulihitimisha kwamba maambukizi yenyewe huenda si chanzo cha usonji. Yawezekana urithi au hali nyingine za familia ndizo zinazoleta yote mawili.

Kwa ufupi, mama aliyepata mafua akiwa mja mzito asiingiwe na hofu. Wengi mno wa akina mama wanaougua homa wakati wa mimba huzaa watoto wazima. Hata hivyo, joto kali katika wiki za kwanza limehusishwa na kasoro za ule mrija wa ubongo na uti wa mgongo, hivyo homa yoyote ichunguzwe chanzo chake na kutibiwa.

Hatua za kuchukua

Kwanza, kliniki ianzwe mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya akina mama nchini huhudumiwa na mtaalamu wakati wa mimba, lakini ni asilimia 66 pekee waliofika mara nne au zaidi. WHO inapendekeza mara nane, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki ya 12 kupita. Anayengoja hadi mwezi wa sita huwa amekosa fursa ya kutibu kaswende mapema na dozi kadhaa za kinga ya malaria.

Pili, vidonge vya asidi ya foliki vianzwe hata kabla ya mimba. Havizuii maambukizi, lakini husaidia mrija wa ubongo na uti wa mgongo kufungika vyema.

Tatu, mja mzito asijitibu kwa dawa za kununua dukani. Baadhi ya dawa za maumivu na za kuua bakteria zinazotumiwa ovyo huweza kumdhuru mtoto. Amwone mhudumu wa afya akipatwa na joto kali, vipele, maumivu anapokojoa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au chupa ikivunjika kabla ya wakati.

Nne, aliye na virusi vya Ukimwi atumie dawa zake bila kukosa. Virusi hivyo navyo hudhuru ubongo wa mtoto anayeambukizwa, na dawa hupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza.

Akina baba nao wana sehemu yao. Mume anayekubali kupimwa pamoja na mkewe, anayempa nauli ya kliniki mapema na kuhakikisha chandarua kimetundikwa, anaulinda ubongo wa mwanawe kabla hajamwona.

Mtoto akishazaliwa

Kwa wazazi ambao tayari wana mtoto aliyeathirika, cha kwanza ni kutambua kwamba hawakulaaniwa. Hakuna mganga atakayetoa makovu ya rubela kwa kuchanja chale. Lakini msaada upo, na wakati una thamani. Ubongo wa mtoto huendelea kujengwa kwa kasi katika miaka ya kwanza, na mtoto anayeanza mazoezi ya viungo, kufundishwa lugha ya ishara au kuvalishwa kifaa cha kusikia mapema hupiga hatua kuliko aliyefichwa chumbani hadi umri wa kwenda shule.

Mzazi anayeona kwamba mtoto wake hashtuki kukiwa na kelele, hafuati kitu kwa macho, hawezi kukaza shingo afikapo miezi minne, au kichwa chake kinakua kupita kiasi ama hakikui, asingoje. Amfikishe hospitalini na kijitabu cha afya ya mama na mtoto mkononi, na aeleze maradhi yote aliyougua akiwa mja mzito, hata vile vipele vya siku mbili ambavyo kila mtu alikwisha kuvisahau.